Kishikwambi mezani, kitochi mfukoni

Nyumba ya mstaafu haijai vifaa vya umeme kwa sababu mstaafu ananunua. Vinaletwa. Mtoto akipata simu mpya Dar, ile ya zamani anakuja nayo Krismasi: "Baba, hii bado nzima kabisa, ni kioo tu kimepata ufa hapa pembeni." Mwingine akipewa laptopu mpya kazini, ile iliyochoka inashushwa kwetu Kihonda, hapa Morogoro, ikiwa na chaja iliyozungushiwa selotepu. Unapokea. Ungefanyaje? Mtoto amekukumbuka, mama yake ameshaanza kumshukuru kabla hujafungua mfuko, na wewe mwenyewe ni wa kizazi ambacho hakitupi kitu kinachowaka.

Ndivyo chumba ninachokiita ofisi kilivyogeuka, miaka michache baada ya kustaafu upimaji ardhi, kuwa kituo cha mwisho cha vifaa vya familia nzima. Kompyuta ya mezani yenye UPS, lile boksi la betri la kuishikilia umeme ukikatika, iliyokuwa ikilia kila ukikatika. Laptopu mbili: moja betri limekufa, ukichomoa waya inazima hapo hapo, nyingine herufi A ilikuwa haishiki mpaka uikandamize, na hebu jaribu kuandika Kiswahili bila A. Kamera ya dijitali. GPS ya mkononi niliyojinunulia enzi za kazi. Deki la DVD, king'amuzi, redio mbili, simu janja, na kitochi, ile simu ndogo ya kubonyeza yenye tochi. Halafu boksi la viatu lililojaa waya: pini nyembamba ya Nokia, pini bapa ya simu janja za zamani, Taipu C, na nyingine ambazo hata vijana walizigeuza mkononi wakazirudisha kimya kimya.

Kilichonichosha si wingi wake. Ni kwamba kila jambo dogo lilikuwa na makazi yake. Picha za harusi ya binti ziko kwenye kamera, kamera haina chaji, chaja yake iko kwa shemeji. Barua za kiwanja ziko kwenye kompyuta ya mezani, na kompyuta ya mezani inataka umeme utulie. Kipindi kile cha mgao, mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji haijaanza kuingiza umeme kwenye gridi, nilikuwa na ofisi yenye vifaa vya mamilioni ambayo jioni haikuweza kunifungulia hata barua moja.

Macho ndiyo yaliyoharakisha mambo. Ukishavuka miaka 40 lenzi ya jicho inaanza kukakamaa, haijikunji tena vizuri kutazama kitu cha karibu, na kila mwaka unasogeza gazeti mbele kidogo mpaka mkono unaisha. Mimi nilifanya kazi miaka mingi nikichungulia kwenye theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, nikijivunia macho yangu. Sasa nasoma kwa miwani ya +2.50. Simu janja ya inchi sita ukiongeza ukubwa wa maandishi hadi yasomeke, ujumbe mmoja wa kamati ya harusi unausogeza kioo kizima mara nne. Ukifika kwenye kiwango cha mchango umeshasahau harusi ni ya nani.

Kishikwambi, yaani tableti, nilikiona kikifanya kazi ya maana Agosti 2022, wakati wa Sensa ya Watu na Makazi. Sensa zote za nyuma, kuanzia ile ya 1967 hadi ya 2012, zilikuwa za madodoso ya karatasi. Safari hii karani alikuja, binti mdogo tu, akaamkia, akakaa barazani, akaweka kishikwambi juu ya goti akaanza kuuliza. Hakuwa na karatasi hata moja. Nilimjibu huku jicho moja likiwa kwenye kioo chake, maana mpima ardhi hastaafu udadisi: mahali ilipo nyumba yetu kifaa kilishapajua, na jibu nililolirekebisha yeye alilifuta kwa kidole na kuandika upya bila kukwaruza kitu. Nchi nzima ikahesabiwa hivyo, watu 61,741,120. Baada ya sensa vishikwambi vile vikagawiwa kwa walimu, na jirani yangu mwalimu naye akapata. Nikakiomba jioni moja.

Nilifungua kitu kimoja tu. Karatasi ya ramani ya 1:50,000, ile ambayo sentimita mbili ni kilomita moja, iliyoskaniwa, ya upande wetu wa milima ya Uluguru. Ramani hizi nilizisoma maisha yangu yote ya kazi. Lakini kwa miaka kadhaa mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, kwenye mteremko mkali ilikuwa imeshakuwa kwangu ukungu wa kahawia. Miwani inakuza, lakini kwa eneo dogo, ukisogeza kichwa umepotea. Pale nikaweka vidole viwili kwenye kioo nikavitanua. Kontua zikaachana. Moja, ya pili, ya tatu, ile nene ya kuhesabia, namba yake ya mwinuko imelala juu ya mstari. Nikafuata kijito kimoja kutoka chini ya kilele cha Bondwa hadi kilipoungana na Mto Morogoro, na nikaona alama ya njia ya miguu ambayo niliipita kwa miguu nikiwa mwanafunzi wa Chuo cha Ardhi, nikiwa nimebeba miguu mitatu ya chombo begani. Mwalimu alilazimika kunikumbusha kwamba kesho yake ana vipindi.

Kabla ya kutoa hela nilichukua karatasi. Sikuandika majina ya vifaa, niliandika mambo ninayoyafanya kwa wiki. Kusoma magazeti. WhatsApp, yaani ukoo, wastaafu wenzangu, jumuiya, kamati zisizoisha. Kuonana kwa video na binti aliyeko Mwanza. Kutazama ramani. Kuandika makala kama hii. Kununua umeme, kulipa maji. Kutuma hela na kupokea hela. Kupiga simu. Kusikiliza taarifa ya habari. Ukiitazama orodha hiyo vizuri inajigawa yenyewe: nusu ya kwanza inataka kioo kikubwa, nusu ya pili inataka laini ya simu. Hakuna popote inapotaka kompyuta ya mezani, laptopu mbili, kamera na deki. Na cha kushangaza zaidi, hakuna popote inapotaka simu janja. Simu janja ilikuwa inafanya mambo yote hayo, kila moja nusu nusu: kioo kidogo mno kwa kusoma, na betri linaloisha saa kumi jioni wakati ndiyo unatakiwa kutuma nauli ya mjukuu.

Watoto walipendekeza laptopu mpya. Mkubwa alisisitiza: "Baba, kishikwambi ni cha kuchezea, laptopu ndiyo ya kazi." Ana haki yake, yeye anafanya kazi. Mimi sina kazi ya kujaza majedwali tena, na laptopu inadai meza, kiti, mgongo ulionyooka na subira ya kuiwasha. Kishikwambi unakiwasha kikiwa kimeegemezwa kwenye chupa ya chai.

Basi nikapanda treni ya SGR asubuhi, nauli 13,000, nikawa Dar mapema kabla jua halijachachamaa, nikaingia Kariakoo upande wa Aggrey. Anayejua Kariakoo anajua: ukionekana tu unatazama juu kusoma vibao, vijana watatu wameshakudaka.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, kijana."

"Karibu baba, unatafuta nini? Kishikwambi? Umefika."

Boksi aliloliteremsha lilikuwa kubwa kama la viatu vya buti. Juu limeandikwa RAM 12, hifadhi 512, kioo inchi 10, laini mbili. Ndani mna kishikwambi, kibodi, mausi, kava, kalamu, spika za masikioni na saa ya mkononi. Yote laki mbili na themanini. Zawadi zilikuwa nyingi kuliko bidhaa, na hapo ndipo mtu anapopaswa kuanza kuuliza maswali. Nikamwomba akiwashe, nikaingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za kifaa, nikaisoma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kifaa, nikaiandika kwenye kitochi na kuituma kwa SMS kwenda 15090. Hiyo ni huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Unarudishiwa jina la mtengenezaji na aina ya kifaa ambacho namba hiyo ni yake. Wanaokumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa usiku mmoja nchi nzima, wataielewa kazi yake. Jibu lililorudi lilikuwa la simu ya kubonyeza ya kampuni nyingine kabisa. Kijana akalisoma, akacheka, akasema, "Mzee na wewe umezidi." Tukaagana vizuri tu.

Yale niliyoyashikilia katika duka lililofuata nayaeleza hapa kwa sababu wazee wenzangu kadhaa wameniuliza, na wengi wanaulizia bei kwanza.

Ukubwa wa kioo ndiyo sababu ya safari nzima, usiufanyie ubahili. Inchi saba au nane ni simu iliyonenepa. Kwa macho yetu anzia kumi; changu ni kumi na moja. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 4, hifadhi isipungue GB 64, na kiwe na tundu la memori kadi, maana video za misiba na harusi zinazotumwa kwenye makundi zitakujazia kifaa chochote. (Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa kujiendesha. Fanya hivyo leo.) Angalia toleo la Android. Kariakoo kuna vishikwambi vya mtumba vinavyong'aa vizuri lakini ndani vina Android 4.4, na tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye toleo hilo. Umenunua fremu ya picha. iPad ni kifaa kizuri, sikatai, ila bei yake ni ya mtu aliye kazini bado, na WhatsApp yenyewe ilichelewa kufika kwenye iPad hadi Mei 2025. Tena kwa anayependa ramani kama mimi, iPad ya Wi-Fi tupu haina GPS ndani yake.

Hilo la Wi-Fi tupu ndilo linalowaangusha wengi. Kishikwambi kisicho na tundu la laini huwa na bei ya chini, na muuzaji atakwambia, "Utarushia tu intaneti kutoka kwenye simu." Sawa, lakini hapo umebaki na simu janja, na unaichaji, na unaibeba, ili kishikwambi kipate kuishi. Unatoka kwenye vifaa viwili kwenda vitatu. Toa nyongeza, chukua chenye laini.

Nililipa laki saba kasoro kidogo, nikapewa risiti ya EFD na waranti ya mwaka mmoja, nikaongeza kava la kusimamia na protekta ya kioo. Kalamu nilikataa. Nimeishika baadaye ya mtu mwingine nikaona sikukosa kitu.

Sasa kitochi, maana hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa kwenye video za wazungu, wanaokwambia kishikwambi kitamaliza kila kitu. Kwao pengine. Kwetu hela haikai benki wala kwenye programu, inakaa kwenye laini. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na iliingia ikiwa imeundwa kwa ajili ya simu ya tochi: unapiga *150*00#, menyu inafunguka, hakuna intaneti, hakuna programu. Mitandao mingine ikafuata mtindo huo huo, na benki nazo. Ujumbe huo wa nyota na reli unapita kwenye njia ya ishara ya mtandao wa simu, si ya intaneti, wala haugusi bando. Vishikwambi vingi vyenye tundu la laini vimetengenezwa kwa ajili ya intaneti tu. Ukitafuta mahali pa kupiga namba hupaoni. Vingine vinapiga. Usibishane na muuzaji, mwambie aweke laini yake humo apige *150*00# mbele yako.

Changu hakipigi, na baada ya kufikiri nimeona ni afadhali. Nani anakwenda kwa wakala kutoa elfu ishirini akiwa amebeba kitu cha ukubwa wa sinia? Lakini sababu kubwa ni usalama. Laini yenye pensheni yangu imo kwenye simu ambayo haiwezi kupakuliwa kitu chochote. Kiungo cha "umeshinda zawadi, bofya hapa" kikija kwenye kitochi hakina pa kubofya. Matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" bado wananiandikia, na namba zao nazituma 15040 kama tulivyoelekezwa, kwa raha kabisa. Kwenye kishikwambi, ambako wajukuu wanabonyeza kila kinachowaka, hakuna shilingi ya mtu.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba namba yako ya WhatsApp inaweza kukaa kwenye kishikwambi huku laini yake iko kwenye kitochi. Unasajili WhatsApp kwenye kishikwambi kwa namba ile ile ya siku zote, wao wanatuma tarakimu sita kwa SMS, zinaingia kwenye kitochi, unaziandika, basi. Kwenye kishikwambi chenyewe nimeweka laini nyingine ya bando tu, ambayo hakuna mtu ninayempa namba yake. Zote mbili zimesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, na ukipiga *106# unaona laini zote zilizo kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, kimbia ukaifute. Halafu washa ile PIN ya nyongeza ya WhatsApp, ili hata mtu akikulaghai umtajie zile tarakimu sita asiweze kuingia.

Kitochi nakichaji mara mbili kwa wiki, kina tochi ambayo kishikwambi changu hakina, na kikianguka nakiokota. Udhaifu wake mmoja unaniudhi: tokeni ya umeme. Tarakimu ishirini kwenye kioo cha upana wa vidole viwili, umeme umekatika, miwani iko chumbani. Dawa niliyoipata ni kumsomea mjukuu wa darasa la tatu, nne nne, yeye akabonyeza kwenye mita. Anaipenda kazi hiyo kuliko hesabu za shuleni.

Kuhama kwenyewe kulichukua jioni nyingi za uvivu. Kuna kijiwaya kifupi kinaitwa OTG, ni elfu chache tu, kinaunganisha kishikwambi na fleshi, kisoma kadi, hata kibodi ya kompyuta. Kwa hicho nilizitoa picha za kamera na barua za kompyuta ya mezani, nikaweka nakala moja kwenye kishikwambi na nyingine kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini. Kompyuta ya mezani ilikwenda kwa kijana mwenye steshenari baada ya kufutwa vizuri. Laptopu isiyo na A iliuzwa kwa fundi kama vipuri. Simu mbili zilikuwa na betri lililovimba. Hizo usizichome na taka, usizitoboe, mpe fundi anayejua kuzihifadhi. Deki la DVD halikutakiwa na mtu yeyote, hata bure.

Redio moja nimebaki nayo kwa makusudi. Nimefanya hesabu: kusikiliza redio kwa intaneti kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde ni karibu MB 30 kwa saa. Si nyingi, lakini mawimbi ya hewani ni sifuri. Na redio yangu ndogo inatumia betri la BL-5C, lile lile la Nokia za zamani, kwa hiyo kuna betri la akiba daima. Video ni habari nyingine. Saa moja ya mpira kwa ubora wa kati inakula nusu GB hivi, na bando la wiki linaisha kabla ya kipindi cha pili. Mpira natazama kwa jirani.

Kuandika nimejifunza kusema. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, unabonyeza alama ya maiki kwenye kibodi na kuzungumza. Sehemu kubwa ya makala hii niliisema nikiwa barazani. Inaandika Kiswahili cha kawaida vizuri kuliko nilivyotarajia, ila majina ya mahali inayatesa, na ukichanganya na Kiluguru inakata tamaa. Mikato na nukta naweka mwenyewe kwa kidole. Menyu zote nimezigeuza kuwa za Kiswahili, jambo ambalo liliwaudhi watoto kwa sababu sasa wakija kunisaidia hawajui "Mipangilio ya kina" iko wapi, na mimi najua.

Kuhusu nywila, msikubali kijana awafungulie akaunti ya Google kwa kichwa chake. Anaweka tarehe ya kuzaliwa ya kubuni, namba ya uthibitisho anaweka yake, halafu anahamia Arusha na kubadilisha laini. Siku kifaa kikidai uthibitisho umekwama. Kaa naye, weka namba yako ya kitochi, andika kila kitu kwenye daftari la karatasi. Langu liko kabatini pamoja na hati ya kiwanja, na mama watoto anajua lilipo. Vijana wanacheka daftari. Mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye kabati langu, na nikifa picha za familia hazifi na mimi.

Kuna mambo kishikwambi hakiyawezi kwa heshima. Kupiga picha harusini, kwa mfano: ukikiinua umewafunika watu wa mistari mitatu nyuma yako, na mshereheshaji atakutaja. Simu za WhatsApp nazo zinatoka kwa spika, nyumba nzima inasikia. Mkwe wangu alianza siku moja kunieleza jambo la ndani la mumewe, nikalazimika kukohoa mpaka akaelewa kwamba mume mwenyewe amekaa pembeni yangu anakula muhogo. Tangu hapo anaanza kwa kuuliza, "Baba, uko na nani?" Lakini binti wa Mwanza anasema sasa ananiona uso mzima. Enzi za simu janja, miaka yote ile, alikuwa anaongea na paji la uso.

Wajukuu wana saa yao, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja, kwa katuni. Zaidi ya hapo kuna ugomvi, na sitaandika juu yake.

King'amuzi kipo bado. Tangu Dar ilipozima analojia usiku wa kuamkia 2013 nasi wa mikoani tukafuata, runinga bila king'amuzi ni kioo cha kujitazamia, na katika nyumba hii kuna tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili ambayo haihamishiki kwenda kwenye kifaa chochote. Nilipendekeza mara moja. Kifurushi kinalipwa na mwenye tamthilia, kwa hiyo sina la kusema.

Ikabaki simu janja. Nilishaifuta, nimeitafutia na mteja, mwalimu yule yule jirani, kwa bei ya kuelewana. Jioni niliyotaka kuipeleka haikuwa mezani. Mama watoto ameshaweka laini yake, ameingiza picha ya wajukuu mbele, na kundi la vikoba limeshamuunga. Nikamwambia tulikubaliana kupunguza vifaa, kishikwambi kipo, atumie. Akanijibu kwamba kishikwambi hakiingii kwenye mkoba, na kwamba nilikubaliana peke yangu.

Mwalimu nimemrudishia kishika uchumba chake.